Livingstone, Lubumbashi, Likasi: tunapimaka raha na kipimo gani?



Vakansi ikikaribia, kuko neno moja linarudiaka kati yetu: "Likasi hakuna fasi ya kutembea." Kisha mmoja anatuma picha ya maporomoko ya Victoria, mwingine anauliza pasipoti iko bei gani, na mwisho tunaanza kuhesabu makuta ya chama: tukodi basi twende Livingstone, ao tubaki? Mwaka huu pia iko vile. Safari si kitu kibaya. Lakini lile neno "hakuna fasi ya kutembea" linaficha jambo ambalo sisi tuliosoma tulipaswa kuliona mbele ya wengine. Tunalinganisha vitu viwili visivyofanya kazi moja, na kisha tunaulaumu mji.

Fasi ya watalii imetengenezwa kwa mtu anayekuja mara moja na kurudi kwake. Mji wa kuishi unatakiwa kumpa mtu kitu cha kufanya kila Jumamosi, mwaka mzima, na makuta kidogo. Ukipima mji kwa kipimo cha mtalii, hata Livingstone yenyewe itaanguka. Yule anayeuza tiketi pale mlangoni haendi kutazama maji kila Jumamosi. Naye anatafuta mpira, kanisa, ndoa ya ndugu, na fasi ya kukaa na marafiki, sawa sisi.

Tuanze na Livingstone, juu njo inatuvuta zaidi. Maporomoko yana upana wa mita 1,700 hivi na urefu wa mita 108, na UNESCO iliyaandika katika urithi wa dunia mwaka 1989. Aliyefika pale hawezi kusema ni kitu kidogo. Unasikia mlio kabla ya kuona maji, na yakiwa mengi, kwenye Aprili hivi, unalowana kama uliyesimama mu mvua. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini muangalie vizuri kile tunachokisifu tukirudi. Maji tunayataja kidogo. Tunataja njia iliyotengenezwa, vizuizi vya kushikilia, vyoo safi, kibao kinachoonyesha uende wapi, mtu wa kukukodisha koti la mvua. Tunasifu kazi ya watu.

Ushahidi tuko nao hapa kwetu. Mu Parc ya Kundelungu, iliyoundwa mwaka 1970, kuko maporomoko ya Lofoi. Maji yanaanguka mita 340 hivi. Kwa urefu ni zaidi ya mara 3 ya Victoria. Wangapi kati yetu wamefika? Kwenda Livingstone ni nchi ingine, mpaka, na zaidi ya kilometa 900 za barabara; Lofoi iko mu provinsi yetu, na kwa wengi wetu iko mbali zaidi kuliko Livingstone. Barabara ni mbaya, fasi za kulala ni chache, na mu kiangazi maji yenyewe yanapunguka sana. Kwa hiyo tuache kusema Mungu aliwapa Wazambia na sisi akatunyima. Tofauti kubwa kati ya Lofoi na Victoria ni barabara, na mtu anayelipwa kwa kufagia njia.

Sasa tuangalie udhaifu wa Livingstone kwetu. Kutoka Likasi unashuka Lubumbashi, unapita Kasumbalesa, kisha Chingola, Kitwe, Ndola, Kabwe, Lusaka, na bado haujafika. Siku 2 za kwenda, siku 2 za kurudi, kwa kutazama maji siku 1 ao 2. Bei ya kuingia si moja: mgeni analipa kuliko Mzambia. Ongeza pasipoti, ongeza kulala, ongeza chakula. Nani anabaki? Anabaki yule aliyemaliza masomo miaka 2 iliyopita na bado anatafuta kazi. Anabaki dada mwenye mtoto wa kunyonya. Anabaki mwalimu anayengoja mshahara. Wanaokwenda ni wale ambao hata bila chama wangeweza kwenda. Na makuta ya sanduku tulitoa sisi wote.

Najua jibu: "Safari inafungua akili." Ni kweli, mara ya kwanza. Kijana ambaye hajavuka Kasumbalesa hata siku moja anaona barabara ya nchi ingine, anasikia Kibemba na Kiingereza, anajua kama dunia haimalizikie Panda. Hiyo ina thamani na siwezi kuicheka. Lakini mtu wa safari ya 3, akili yake imefunguka kiasi gani tena? Tangu mara ya 2, safari inakuwa picha za kuweka ku telefone.

Lubumbashi ni jambo lingine, na inatufundisha vizuri zaidi juu eko na vitu vya aina zote mbili. Ni kilometa 120 hivi. Unatoka asubuhi, unarudi jioni. Kuko zoo. Kuko Musée, yenye vitu vya zamani vya watu wetu. Kuko Biennale ya sanaa, iliyoanza mwaka 2008, ambayo wasanii wa inchi nyingi wanakuja kuona. Na kuko mpira.

Ukinilazimisha nichague kitu kimoja cha Lubumbashi kinachofanya kazi ya raha ya mji, nitachagua mpira bila kusita. Stade ya TP Mazembe pale Kamalondo ilifunguliwa mwaka 2011, mwaka mmoja nyuma ya ile fainali ya dunia ya vilabu kule Abu Dhabi. Mu nusu fainali Mazembe ilipiga Internacional ya Brazil 2-0. Mu fainali Inter ya Italia ikaifunga 3-0. Lakini ukubwa wa mpira kwa mji hauko mu ile fainali. Uko mu hili: mechi inarudi. Leo mumefungwa, juma lijalo munaweza kushinda. Mtu wa Kenya, wa Katuba, wa Kampemba eko na siku yake, eko na kiti chake, eko na jirani wa kubishana naye. Mazembe na Lupopo wanabishana tangu zamani, na mabishano yenyewe ni raha isiyolipishwa.

Biennale, kwa upande mwingine, ni nzuri, na walioianzisha walifanya kazi ya heshima. Lakini tujiulize kwa uaminifu: sisi wenye diplome, wangapi tumeingia? Watu wa Ulaya wanapanda ndege kuja kuiona. Sisi tunakwenda Lubumbashi kununua simu na viatu, tunapita mbele ya mlango, tunarudi Likasi kusema hakuna kitu. Zoo pia: mtoto anafurahi mara ya kwanza, mara ya pili anakumbuka njia, mara ya tatu anaomba kubaki nyumbani. Musée ingeweza kuwa fasi ya kurudi kila mwezi kama tungeiendea kwa kujifunza, kama sehemu ya masomo. Tunaiendeaka kama watalii, mara moja, na picha mbele ya mlango.

Tufike nyumbani.

Likasi haikuwa mji usio na burudani. Mu wakati wa Union Minière na kisha Gécamines, kompani ilijenga karibu kila kitu: viwanja vya mpira, cercle, pisini, fasi za sinema, timu, fanfare. Wazee wetu wanaikumbuka kwa machozi. Mimi nasema tuikumbuke na macho wazi. Tangu miaka ya 1920 kompani iliamua kumfunga mfanyakazi pale kambini pamoja na bibi na watoto, ili asirudi kijijini. Raha ilikuwa sehemu ya ile mipango, sawa na posho ya unga. Na haikuwa ya wote: pisini na cercle ya Wazungu, mtu mweusi aliziona kutoka nje. Nyuma ya uhuru milango ilifunguka zaidi, lakini ufunguo ulibaki kwa kompani. Ndiyo sababu kompani ilipoanguka mu miaka ya 1990, raha ilianguka nayo. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa ule mpango wa kuondoka kwa hiari. Hakuna aliyeuliza: na cercle, nani atapaka rangi? Ilikuwa ya kompani, kwa hiyo haikuwa ya mtu.

Hapo njo ugonjwa wetu ulipo. Tulizoea burudani inayotoka juu. Kompani ilipoondoka, tukaanza kungojea meya, mbunge, mfadhili. Wote wakikawia, tunakodi basi kwenda kwenye burudani ya watu wengine.

Lakini kuko historia ingine ya mji huu, na haikutoka kwa kompani. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa anazunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta hapa Jadotville kijana mmoja na gitaa: Jean-Bosco Mwenda. Zile rekodi zilitoka, na leo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanajifunza vidole vya Mwenda nota kwa nota. Kile kilichofanya jina la mji lifike mbali, kwa upande wa muziki, kilitoka kwa kijana mwenye gitaa. Kule Lubumbashi ni vile vile: Mufwankolo na wenzake walifanya teatre ya Kiswahili chetu, hiki tunachosema mu balabala, na watu walicheka juu walijiona. Ba Jecoke walitoka mu commune Kenya. Burudani iliyodumu mu mkoa wetu ni ile iliyotengenezwa na wakaaji wenyewe, kwa ajili ya wakaaji.

Na tuko na vitu ambavyo dunia inavijua kuliko sisi. Kuko jiwe linaloitwa likasite, jina la mji wetu, na makusanyo ya madini ya Shinkolobwe yamo mu vyumba vya musée za Ulaya. Uranium ya Shinkolobwe iliingia katika bomu la Hiroshima. Mtoto wa Kikula anamaliza sekondari bila mtu kumueleza. Vita vya Jadotville vya Septemba 1961, Waireland waliozungukwa hapa, vilitengenezwa filamu mwaka 2016, na filamu yenyewe ilipigwa Afrika ya Kusini. Hata historia yetu ilipofika ku ekrani, mji haukuonekana. Sisemi tujenge utalii juu ya bomu. Nasema mji ambao vijana wake hawana hata saa 1 ya kusikia hadithi yake, si ajabu wakiuona mtupu.

Sasa, leo Jumamosi jioni kuko nini Likasi? Tuseme ukweli: buveti, kanisa, ndoa, uwanja wa mpira, na vile vyumba vya kutazama mechi za Ulaya. Wengi kati yetu wanaitukana buveti. Mimi napenda tuiangalie kama wachunguzi, juu inashinda na lazima tujue sababu. Buveti iko wazi kila siku. Eko na mwanga hata umeme ukikatika, juu mwenyewe amenunua jenereta. Eko na kiti. Iko karibu, unafika na miguu. Eko na michopo na muziki. Hakuna anayekuuliza diplome. Fasi yoyote inayotaka kushindana na buveti lazima ijibu hayo yote: saa, mwanga, kiti, ukaribu. Tukifanya mkutano mmoja wa maneno mazuri mu chumba chenye giza, saa 9 mchana, mara 1 kwa mwaka, tusishangae vijana wakibaki kwenye Simba yao.

Lakini buveti eko na kosa kubwa moja: nusu ya mji hauingie. Dada akikaa pale peke yake na soda yake, kesho balabala yote inamsema. Kwake kunabaki kanisa na ndoa. Kijana asiye na makuta naye hawezi kukaa saa 3 bila kununua. Mzee aliyetoka Gécamines anabaki mbele ya nyumba. Kwa hao watu 3, Livingstone haibadilishe kitu. Lubumbashi haibadilishe kitu. Njo hao ambao mji unapimwa nao.

Kuko pia watakaosema: basi, twende karibu, twende Tshangalele. Nakubali nusu. Lile ziwa lilitokana na barrage ya Mwadingusha ku Lufira, na eneo la Lufira UNESCO iliandika kama hifadhi ya biosphère mwaka 1982. Ndege wako wengi, maji ni mapana, na unaweza kwenda na kurudi siku moja. Lakini tusiliuze kama Livingstone ndogo. Ziwa ni fasi ya kazi ya wavuvi, si bustani. Vyoo utavikosa, gilet za kuogelea utazikosa, na mito inayopita kwenye viwanda vyetu vya shaba inaelekea kule, kwa hiyo mambo ya kuoga na watoto tuyafikirie mara 2. Likifikiwa kwa heshima, na mwalimu wa biolojia mmoja kati yetu akieleza, na chakula kikinunuliwa kwa wavuvi wenyewe, inakuwa siku nzuri sana. Hiyo siku moja kwa mwaka inatosha. Haitatuponya Jumamosi 51 zinazobaki.

Kwa hiyo, hukumu yangu ni hii. Fasi yoyote ya raha, tuipime na maulizo 4. Nani anaachwa nje? Inarudi mara ngapi kwa mwaka? Ikiisha, nini inabaki? Na nani anaitunza? Livingstone inapata alama nzuri kwa ulizo la 4 peke yake, na ile kazi wanaifanya Wazambia, si sisi. Mpira unapata nzuri kwa 3 kati ya 4, juu wanawake wangali wachache pale uwanjani. Buveti inapata nzuri kwa kurudi na kutunzwa, mbaya kwa yale mengine. Likasi ya kompani ilipata nzuri kwa kurudi, na ikaanguka kwa ulizo la mwisho: mtunzaji alikuwa mmoja, akaenda.

Pendekezo langu halihitaji jengo jipya. Safari ya Livingstone ifanywe mara 1 kwa miaka 3, na fasi za kwanza ziwe za wale ambao hawajatoka nchi hata siku moja. Miaka mingine 2, makuta yale yale tukodi chumba kimoja, Kikula ao Panda, fasi wanakofika na miguu. Jumamosi na Siku ya Mungu, saa 8 mpaka saa 2 ya usiku. Taa za jua, viti 40, meza za dame, vitabu tulivyonavyo nyumbani vinavyoliwa na mende, projekta moja. Juma moja filamu na mabishano, juma lingine gitaa, juma lingine mzee wa Shituru aeleze kazi ya tanuru ilikuwaje. Soda na munkoyo ziuzwe, bia hapana. Na jambo la lazima kuliko yote: mtu mmoja mwenye jina, alipwe kila mwezi kidogo, ashike ufunguo na kufagia. Bila huyo mtu, itakuwa cercle ingine ya kuanguka.

Kuko atakayesema watu hawatakuja. Labda juma la kwanza watakuja 12. Hata stade haikujaa kwa siku moja. Kuko atakayesema hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, na serikali tuendelee kuidai. Lakini wakati tunaidai, dada wa Kikula eko na Jumamosi hii, na ile ijayo.

Mkutano wa sanduku unakaribia. Naomba kabla ya kupiga kura juu ya basi, kila mmoja aandike jina la mtu mmoja wa familia yake ambaye hatapanda lile basi, na aseme huyo mtu atafanya nini Jumamosi hiyo. Tukimaliza kusoma yale majina kwa sauti, tupige kura.